Kuwavika Waliotangulia

Mwanadamu huvikwa nguo na mikono ya wenziwe mara mbili: siku anayozaliwa na siku anayokufa. Nguo ya mwisho ni sanda, na katika pwani hii yote inajulikana kwamba sanda haina cheo. Tajiri na maskini, bwana na aliyekuwa mtwana wake, wote hufunikwa kwa bafta nyeupe isiyo na mfuko wala kifungo. Sinema imezua mara ya tatu. Mtu aliyezikwa miaka mia au mia mbili iliyopita hufufuliwa mbele ya kamera na kuvikwa upya, na safari hii havikwi nguo ya usawa. Huvikwa nguo yenye cheo, rangi na bei, iliyochaguliwa na mtu asiyepata kumwona. Naye hawezi kukataa.

Hapo ndipo linapozuka swali la maadili ambalo aghalabu hufichwa nyuma ya swali la ufundi. Watazamaji wa filamu ya mambo ya kale huuliza kama maleba yamependeza, na kama mandhari imefanana na zama zinazosimuliwa. Ni nadra wakauliza: je, anayewavika waliotangulia ana deni kwao? Na kama analo, atalilipaje pale ambapo marehemu hakuacha hata uzi mmoja wa kumwongoza?

Mfano mwema wa kuanzia uko mbali, nchini Korea. Mwaka 2005 mwongozaji Kim Dae-seung alitoa filamu iliyojulikana ulimwenguni kwa jina la Blood Rain, yaani Mvua ya Damu. Kisa chake kinatokea mwaka 1808, katika zama za ufalme wa Joseon, kwenye kisiwa ambacho watu wake wanaishi kwa kiwanda cha karatasi. Chombo kilichopakia karatasi za kodi ya mfalme kinateketea kwa moto. Mpelelezi anatumwa kutoka bara, na angali kisiwani watu wanaanza kuuawa mmoja baada ya mmoja, kila mauaji kwa namna yake. Kidogo kidogo inafahamika kwamba namna hizo ndizo zilizotumiwa miaka 7 nyuma kumwangamiza mwenye kiwanda wa awali pamoja na jamaa zake, walioshitakiwa kuwa Wakatoliki. Shitaka la namna hiyo halikuwa la kubuni tupu, kwani mwaka 1801 Wakatoliki wa Korea waliandamwa na kuuawa kweli. Bali katika filamu, watu wa kisiwa walijua kwamba yule bwana ameonewa, na wakanyamaza. Wengi wao walikuwa wadeni wake.

Anayestahili kuangaliwa hapa si muuaji. Ni vitu vilivyomzunguka. Karatasi ya Kikorea hutengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi. Magome huchemshwa, yakapondwa hata yakawa rojo, kisha rojo likachotwa kwa chekeche, likakamuliwa na kuanikwa. Kwa hiyo mjenzi wa mandhari alipaswa kuweka masufuria makubwa, meko, vyombo vya kukamulia na karatasi zilizoanikwa. Vitu hivyo mwanzoni ni riziki ya watu. Baadaye mmoja anatumbukizwa katika sufuria linalochemka, na mwingine anazibwa pumzi kwa karatasi iliyoloa. Mandhari haikuwekwa ili jicho listarehe. Imewekwa ili mtazamaji aelewe, bila kuambiwa, kwamba dhambi ya kisiwa kile na chakula chake vilipikwa katika chungu kimoja.

Mavazi nayo yana kazi yake. Maofisa wana kofia nyeusi za singa za farasi. Umma una nguo nyeupe, ambazo kwa karne nyingi ndizo zilizokuwa vazi la kawaida la Wakorea. Na weupe hauna siri. Tope huonekana, jasho huonekana, na damu huonekana kuliko vyote. Aliyeshiriki kwa kunyamaza anadhani amevaa usafi, kumbe amevaa nguo itakayomsaliti tone la kwanza likimwangukia.

Yafaa kukumbuka kwamba filamu ya upelelezi ina mkataba wake na mtazamaji. Humwahidi kwamba mwishoni jambo lililofichwa litafichuliwa, na kwamba litafichuliwa kwa njia ya vitu: nyayo, kamba, doa katika mkono wa kanzu. Mpelelezi anasoma nguo kama msomi anavyosoma hati. Basi filamu ya upelelezi inayosimulia historia ina mashahidi wawili katika nguo moja. Nguo inatoa ushahidi kwa mpelelezi kuhusu mauaji, na inatoa ushahidi kwa mtazamaji kuhusu watu wa kale. Ikiwa ushahidi wa pili ni wa uongo, ule wa kwanza nao umeoza, maana haiwezekani kuwaahidi watu ukweli huku umevaa uongo. Wahenga walilisema hili kwa ufupi na kwa ukali zaidi: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Lakini mbunifu wa Korea alikuwa na hazina ya kuchota. Wafalme wa Joseon waliandikiwa kumbukumbu za karibu karne tano, na viko vitabu vya taratibu za kasri vilivyochorwa kwa rangi, mtu na vazi lake, kila mmoja mahali pake katika msafara. Yako hata makaburi yaliyofukuliwa na kukutwa nguo zikiwa nzima. Je, ingekuwaje kama angekuwa hana kitabu, hana picha, hana kaburi lenye nguo?

Swali hilo linajibika vizuri zaidi Mazingara, katika nchi ya Wazigua, upande wa Handeni na Korogwe mkoani Tanga. Wazigua wana kisa ambacho mwongozaji yeyote angekitamani. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwapiga. Wengi waliteremka pwani kutafuta chakula, wakajikuta wamepakiwa vyomboni na kuuzwa utumwani katika pwani ya Somalia. Mapokeo ya vizazi vyao yanasimulia kwamba baadhi yao walitoroka wakiongozwa na mwanamke mwenye kuagua, Wanakhucha, wakashika njia ya kusini ili warudi kwao. Hawakufika. Walikita katika misitu ya Mto Juba, wakalima, wakajilinda, wakaendelea kusema Kizigua. Vita vilipoisambaratisha Somalia mwaka 1991, wajukuu wa wajukuu wao walikimbia. Baadhi walifika mkoa wa Tanga, wakapokewa katika kambi ya Mkuyu wilayani Handeni, na baadaye katika makazi ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo. Wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Safari iliyoanzishwa na njaa ilirudi, baada ya zaidi ya miaka 150, karibu na pale ilipoanzia.

Kisa hiki nacho kina fumbo lake, tena fumbo zito kuliko la kisiwa cha karatasi. Nani aliwauza watu wale? Walidanganywa na manahodha kwa ahadi ya chakula? Waliwekwa rehani na jamaa zao wenyewe ili wengine waishi? Au walijitoa wenyewe, wakijua? Kila jibu lina mtu wa kumlaumu, na pengine mtu huyo ana wajukuu wanaopita barabarani leo. Ndiyo maana atakayeigeuza habari hii kuwa filamu hatakuwa anacheza.

Na achukuliwe mbunifu anayefika Mazingara leo kwa kazi hiyo. Jambo la kwanza atakalofanya ni kuondoa. Aondoe barabara ya lami itokayo Chalinze kwenda Segera, na nguzo za umeme kandoni mwake. Aondoe mabati. Aondoe mkonge, ingawa ni vigumu kuiwazia Korogwe bila mistari yake, kwa sababu mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche 1,000 aliyoiagiza ni 62 tu iliyosalimika. Aondoe mikaratusi. Aondoe hata vijiji vyenyewe, kwa kuwa vingi vilipangwa kando ya barabara katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Kisha amfikie mwigizaji, amvue kanga, maana kanga ilianza kuvaliwa pwani karibu na mwisho wa karne ya 19, nusu karne baada ya njaa ile. Mwisho anabaki na udongo, anga, na mwanamke anayengoja kuvikwa. Amvike nini Wanakhucha?

Jibu jepesi ni merikani. Kitambaa hicho cha pamba kutoka Marekani kilikuwa kikiingia Zanzibar zama zile zile. Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na balozi wao mdogo akaja kukaa Unguja mwaka 1837. Kwa tarehe, basi, merikani haina kosa. Lakini tarehe si ukweli wote. Bara, nguo haikuwa nguo tu, ilikuwa fedha. Ilihesabiwa kwa mikono, kwa shuka na kwa doti, ikanunua pembe, ikanunua nafaka, ikanunua watu. Mwenye kuuzwa aliuzwa kwa nguo. Mbunifu anayemvika mateka merikani mpya katika tukio la kwanza, ili pazia la sinema lipendeze kwa weupe wake, amemvika bei yake mwenyewe bila ya kujua.

Na mbunifu anayejua atafanya jambo jingine. Ataiweka ile nguo nyeupe kwanza mikononi mwa mnunuzi, imekunjwa bado, nayo ikionekana nzuri mno mbele ya macho ya watu waliovaa ngozi na matambara. Mtazamaji ataitamani kama wao walivyoitamani. Kisha ataiona inapimwa, mkono mmoja, mikono miwili, na ataelewa kinachopimwa. Tangu hapo, kila mtu atakayetokea na nguo nyeupe atazusha swali: ameipata wapi? Hapo merikani itakuwa imefanya kazi ile ile iliyofanywa na karatasi katika kisiwa cha Korea. Ni mali, ni kishawishi, na ni hati ya mashitaka.

Yako makosa mawili ambayo wabunifu huyaangukia, na yote mawili hutokana na uvivu wa kutouliza swali hilo. La kwanza ni kupamba. Kasri lina dhahabu, soko lina viungo vya kila rangi, hata mtumwa amevaa kaniki iliyopigwa pasi. Ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. La pili ni kinyume chake, nalo hudhaniwa kuwa uadilifu: kumvika maskini matambara toka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba umaskini ni ngozi ya mwilini. Historia ya Zanzibar yenyewe inalikanusha jambo hili. Baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, wanawake na wanaume waliokuwa wakivaa kaniki na merikani kwa lazima walikimbilia kanga, kanzu, kofia na baadaye buibui. Walinunua kwa jasho nguo walizokuwa wakizuiwa kuvaa, wakatangaza kwa nguo kwamba wao si mali ya mtu. Anayewarudisha katika matambara kwa jina la uhalisia anawavua ushindi walioupata kwa taabu. Kumheshimu maskini ni kukumbuka kwamba naye alikuwa na nguo aliyoichagua, na siku aliyoivaa.

Ziko zama ambazo deni hili hulipika kwa wepesi zaidi. Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, inasimulia Zanzibar ya miaka ya 1950, penzi la Yasmin na Denge na harakati za kupinga ukoloni. Mbunifu wa kisa kama hicho ana picha za kumwongoza, zikiwamo za Capital Art Studio iliyofunguliwa mjini Unguja mwaka 1930. Ana Mji Mkongwe wenyewe umesimama. Juu ya yote, ana mabibi walio hai. Mmoja wao akikaa mbele ya filamu na kusema kwamba mkunjo ule wa buibui haukuwa hivyo, hukumu imekwisha. Hakuna profesa wa kumpinga. Hiyo ni mahakama ya haki, kwa sababu aliyevikwa yupo na anaweza kusema.

Hata hapo lakini pana tahadhari. Jiwe hudumu, udongo haudumu. Nyumba za mawe za matajiri ziko mpaka leo, na kila mpiga picha huzielekea kwa urahisi. Nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo, walikoishi wengi wa watu walioibeba Unguja mabegani, nyingi zilivunjwa kupisha majumba ya Michenzani. Asiyejihadhari atajikuta ameijaza hadithi ya wanyonge ndani ya kuta za waliowatawala, si kwa chuki bali kwa kuwa kuta hizo ndizo zilizosalia. Kinachosalia hakikusalia kwa haki. Joho la bwana huwekwa sandukuni na karafuu. Kaniki ya mjakazi huvaliwa mpaka ikawa kitambaa cha kudekia, kisha ikawa si kitu. Makumbusho yote ya dunia yameelemea upande wa joho.

Atatokea mtu aseme kwamba haya ni kuibebesha sanaa mzigo wa kadhi. Filamu ni ndoto. Watu hulipa kiingilio wakafurahi. Mshairi hakuulizwa kipimo cha jahazi alilolitaja katika beti zake, kwa nini mshonaji wa maleba aulizwe uzi? Hoja hii ina uzito. Sanaa isiyo na uhuru wa kubuni hufa, na filamu iliyokaguliwa kila kifungo yaweza kuwa baridi kama orodha ya mnada. Ila neno la mshairi likisema jahazi, kila msikilizaji hulijenga jahazi lake mwenyewe. Picha haimwachii mtazamaji nafasi hiyo. Humpa jahazi lililokwisha jengwa, na humwambia: ndilo hili. Mtoto wa Korogwe atakayemwona Wanakhucha mara moja katika pazia hatamwona tena kwa namna nyingine maisha yake yote. Mwenye uwezo wa namna hiyo juu ya kumbukumbu za watu hawezi kudai uhuru wa mwenye kuota.

Mfasiri anaweza kulifahamu jambo hili kwa haraka, kwani naye huwavika watu nguo za lugha nyingine. Anajua kwamba zipo sehemu ambazo maana imemponyoka, na kwamba pale heshima si kuingiza neno zuri la kuazima ili sentensi ing'are. Heshima ni kulitafuta neno la kawaida lisilodanganya, na kuliacha pengo lionekane kuwa pengo. Mbunifu naye anaweza kufanya hivyo. Asichokijua asikipambe. Kivuli, mgongo uliogeuka, nguo moja ya rangi ya udongo isiyodai kuwa zaidi ya nguo: hayo yatasema kwamba hapa palikuwa na mtu, na kwamba habari yake haikutunzwa. Ukimya wa namna hiyo ni ushahidi pia, nao unawashitaki wale ambao hawakuona haja ya kuandika.

Lakini kabla ya kunyamaza, ni wajibu kuuliza. Watu wa Chogo hawakurudi na masanduku ya nguo za kale. Hakuna aliyekimbia vita akiwa na urithi wa aina hiyo. Walirudi na lugha. Miaka 150 ng'ambo ya mipaka, Kizigua kilibaki vinywani mwao. Lugha ni kabati pia. Ndani yake mna majina ya vitu: vya kufumwa, vya kusukwa, vya kufungwa kiunoni, vya kubebea mtoto, vya kuvaliwa msibani. Pengine jina limebaki na kitu chake kimepotea; pengine mzee wa Handeni na mzee wa Chogo wanalo jina moja, na kila mmoja anakumbuka nusu ya maana yake. Mbunifu atakayeketi nao wawili juu ya mkeka, akasikiliza kabla hajashika mkasi, atapata vazi ambalo hakuna makumbusho ya Ulaya yanayoweza kumwazima.

Na wakimwambia kwamba hawakumbuki, hilo nalo ni jibu, na atakuwa amelipata kutoka kwa wenye haki ya kulitoa. Deni kwa waliotangulia halilipwi kwa usahihi wa kila mshono. Hulipwa kwa kuacha kuwafanya wabebe mapambo yetu. Wale waliopimwa kwa doti walipokuwa hai wasipimwe tena, wamekwisha kufa, kwa mizani ya kinachopendeza machoni.